Skrubu Haina Kosa, Mwanangu

Mwanangu, weka chini hiyo bisibisi. Sikukatazi kuishika, siku yake itafika. Lakini umepiga risasi tatu tu, zote zimekwenda chini kushoto, na tayari unataka kukisogeza kilengeo cha nyuma. Niliwaambia haya kaka zako waliokutangulia, wakaitikia "ndiyo mzee", kisha wakafanya walivyotaka. Koo langu limechoka. Hata hivyo nitakwambia na wewe, taratibu.

Mtu anayetumia mkono wa kulia, risasi zake zikiangukia chini kushoto, mara nyingi mwenye kosa ni yeye. Anakivuta kifyatulio kwa pupa, au anauogopa mshindo kabla haujaja, mkono wote unabana na mdomo wa bastola unainama. Ukikisogeza kilengeo ili kikubaliane na woga huo, siku utakapotulia risasi zitakwenda juu kulia, nawe utarudi kwangu kusema bastola ni mbovu. Ndiyo yale ya mpishi anayeonja mchuzi kabla haujachemka, akaongeza chumvi.

Kama huniamini, mwombe mwenzio akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na zile bandia za mazoezi zisizo na baruti, na asikwambie ipi imekaa wapi. Ikifika ile bandia, hakuna mlio, hakuna mshindo, ila utauona mtutu ukiinama wenyewe mbele ya macho yako. Vijana wengi hunyamaza hapo. Mimi huwa sisemi kitu.

Ukishaushinda woga, ndipo tuzungumze habari ya kilengeo. Kaa, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, upige tano bila haraka, kwa umbali ule ule utakaoutumia siku zote. Jicho libaki kwenye jino la mbele, yaani kilengeo cha mbele. Hilo ndilo lionekane wazi, na shabaha nyuma yake iwe na ukungu kidogo, usiigombanie. Jino likae katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, mwanga wa kushoto uwe sawa na wa kulia, na vichwa vya vilengeo vyote viwili viwe usawa mmoja. Na usichungulie tundu kila baada ya risasi! Maliza zote tano, kisha uitafute katikati ya matundu. Yakiwa yametawanyika huku na huko, rudi mazoezini, kwa maana kilengeo huhamisha fungu la matundu, hakilikusanyi.

Fungu likiwa limeshikana lakini liko pembeni, sasa kazi ipo. Kwanza toa magazini, vuta slaidi, tazama ndani ya chemba, kisha ingiza na kidole uhakikishe ni tupu. Wazee wenzangu wawe mashahidi, hili sitachoka kulirudia.

Kanuni yenyewe ni fupi: kilengeo cha nyuma kipeleke kule unakotaka risasi ziende. Unazitaka kulia, kisogeze kulia. Unazitaka juu, kiinue. Jino la mbele ni kinyume chake, likirefushwa risasi hushuka.

Sasa kiasi gani? Hapa ndipo mnapoharibu. Tuseme vilengeo viwili vimeachana kwa milimita 160, nawe unapiga kutoka mita 25, na fungu limekosea kwa sentimita 10. Zidisha 160 kwa milimita 100, ugawe kwa 25,000. Utapata milimita 0.64. Haifiki hata milimita moja, na wewe ulitaka kuzungusha skrubu mzunguko mzima! Bastola za mashindano zina skrubu zinazolia "ti" kila hatua, basi hesabu milio hiyo, piga tena tano, utazame. Zisome na herufi zilizochorwa pembeni, ila kwa kitabu cha mtengenezaji, maana kwa wengine R ni "peleka kulia", na kwa wengine, hasa Wajerumani, ni "zungusha huku kama risasi zimekwenda kulia". Bastola isiyo na skrubu, kilengeo chake kimebanwa kwenye mfereji. Chora alama ya penseli kabla hujakigusa, kisha ukisukume kwa kifaa chake, au kwa kipande cha shaba ya njano na nyundo ndogo. Usitumie msumari.

Wewe na kaka zako mlinionyesha kwenye simu zenu picha ya yule Mturuki, Yusuf Dikeç, mkono mfukoni, kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Mkacheka, mkasema mzee anapiga bila kujali. Alipata medali ya fedha ya bastola ya hewa ya mita 10, timu mchanganyiko, pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Beijing 2008. Mkono ule mfukoni ni wa kutuliza mwili, na wapigaji wengi wa bastola hufanya hivyo. Kujali kwake kulianza zamani, ninyi mmeikuta picha tu.

Jambo la mwisho, kisha uniache nikae. Ukipata kipimo chako, kiandike kwenye daftari pamoja na aina ya risasi. Risasi nzito na ya polepole hukawia kidogo ndani ya mtutu wakati bastola imeshaanza kuinuka, kwa hiyo kwa umbali huu hupiga juu kuliko nyepesi yenye kasi. Ukinunua boksi la aina nyingine, lirudie zoezi lote tangu mfuko wa mchanga.