Mtoto Aliyeahidiwa na Kazi ya Ng'ambo

Katika mikutano ya familia hapa Lubumbashi kuna swali ambalo linarudi mara kwa mara, na wakubwa wanalipokea kwa shida. Bwana na bibi wameahidi kukamata mtoto wa ndugu yao marehemu awe mtoto wao kwa sheria, ile tunaita adopsio. Dosiye iko kwenye tribinali. Mbele iishe, barua inafika kutoka ng'ambo: kontra ya kazi, mshahara mzuri, tarehe ya kuanza. Dosiye inataka pengine mwaka mzima, kazi inataka miezi mitatu. Wafanye nini?

Tuchukue mfano. Si wa mtu fulani, lakini kila msomaji atamwona jirani yake ndani. Bwana ni enjenia, bibi ni mwalimu. Mdogo wa bibi alikufa na kuacha binti. Leo binti ana miaka tisa, anaishi Kipushi kwa nkambo yake. Baba yake alikwenda kuchimba upande wa Kolwezi, na ni miaka sasa hakuna anayejua kama ni mzima. Siku moja ya yenga bwana na bibi walifika Kipushi, wakakaa, wakasema mbele ya nkambo na mbele ya binti mwenyewe: «Utakuya kwetu, utakuwa mutoto wetu.» Kutoka siku ile binti anawaambia wenzake wa shule kwamba mwaka kesho hatakuwa nao. Sasa kazi imetoka Kanada.

Jibu la kwanza mtalisikia mbio katika mji huu: kazi kwanza. Wazee wetu walikuwa wanasema «kazi njo baba, kazi njo mama», na hawakusema bure. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906 na iliyokuja kuitwa Gécamines, ilitoa nyumba, posho, shule, hospitali. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa kwenye maternite ya kampuni na alisoma kwenye shule ya kampuni. Kudharau jibu hili ni ujinga. Mshahara mmoja wa ng'ambo unalisha nyumba ya watu kumi, unalipa minervale ya wapwa, unanunua dawa ya nkambo. Anayesema kwamba mtu anayefuata kazi anafuata feza tu, huyo hajapata kuhesabu watu wanaokula juu ya mshahara mmoja.

Lakini mji huu huu ulishaona mwisho wa neno hilo. Mwaka 2003, baada ya miezi mingi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walikubali ile «kuondoka kwa hiari» iliyolipiwa kwa feza ya Banki ya Dunia. Miaka miwili mbele, mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ametoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na jina lake linasema yote: «Bana Shaba abandonnés par leur père», watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo alikuwa kampuni. Na kampuni ilipoanguka, nani alikamata watoto? Ni shangazi, ni yaya, ni nkambo, ni mama mdogo wa Kasumbalesa mwenye meza ya kuuzisha. Kontra ni baba kwa muda ulioandikwa ndani yake, hauendi mbali kuliko hapo.

Jibu la pili linatoka kwa wazee wa desturi, nao wanacheka kidogo: «Adopsio ya nini? Mutoto wa mudogo yako ni wako!» Kwa Babemba na Balamba wa kusini mwa Katanga, mtoto anahesabiwa kwa ukoo wa mama. Dada wa mama ni mama, si kwa heshima tu, ni mama kabisa. Na kaka ya mama ana neno kubwa juu ya mtoto. Kwa Baluba wa kaskazini, hesabu inapita kwa baba, na hapo ndugu za yule aliyepotelea Kolwezi wangepaswa kuitwa na kusikilizwa. Namna zote mbili ni za kweli, na katika nyumba nyingi za Lubumbashi zinakutana kwenye meza moja, na makelele yake. Basi kwa ukoo wa mama, bibi yetu hakuwa na lazima ya karatasi hata moja. Alikuwa mama wa binti yule tangu matanga.

Hii ni kweli mpaka uwanja wa ndege wa Luano. Pale, mtu wa DGM haulizi ukoo, anauliza karatasi.

Na karatasi zina akili yake, tuzisikilize. Code ya familia ya tarehe 1 agosti 1987 inakubali adopsio kama kuna sababu ya haki na kama ina faida kwa mtoto. Kwa mtoto, si kwa wanaomkamata. Tena sheria yetu haikati kamba: mtoto anapata wazazi wapya bila kupoteza ndugu za damu. Ufaransa wana adopsio ingine, ile kamili, ambayo inafuta ukoo wa kwanza na kuweka mpya mahali pake. Mababu wangeshangaa sana kusikia kwamba mtu anaweza kufuta nkambo kwa mhuri. Kwa hiyo, juu ya jambo hili, Code na desturi si maadui. Watu wengi hawajui, wanadhani leta imekopi wazungu tu.

Shida inaanza pale bwana na bibi wanapopanda ndeke. Mkataba wa La Haye wa tarehe 29 mei 1993 juu ya adopsio ya kimataifa hauangalii rangi wala pasporti ya wazazi, unaangalia makao: mtoto anakaa inchi hii, wazazi wanakaa inchi ile. Na Kanada inaufuata. Maana yake, mama mkubwa aliyezaliwa Kipushi, akishakuwa mkaaji wa Montréal, akitaka kukamata binti wa mdogo wake tumbo moja, anahesabiwa kama mtu wa inje anayetafuta mtoto wa inje. Kuna mlango mwingine: Kanada inaruhusu mkaaji wake kuita mpwa yatima aliye chini ya miaka 18. Lakini yatima kwao ni yule aliyefiwa na baba na mama. Baba wa Kolwezi hajafa. Hajulikani tu, na karatasi ya «hajulikani» ni ngumu kuipata kuliko karatasi ya kifo.

Wanaosema «twende kwanza, mtoto atafuata» wangekumbuka pia mwaka 2013. Tarehe 25 septemba ya mwaka ule, DGM ilisimamisha ruhusa za kutoka kwa watoto waliokwisha kufanyiwa adopsio na watu wa inje. Serikali ilikuwa na hofu kwamba wengine wanatendewa vibaya kule ao wanapitishwa kwa familia zingine. Hofu haikuwa ya bure yote. Baadaye uchunguzi wa Ubelgiji ulionyesha kwamba kuna watoto waliofikishwa kule mwaka 2015 kutoka upande wa Gemena, na wazazi wao walikuwa wazima kijijini. Waliambiwa watoto wanakwenda likizo. Lakini malipo ya hofu ile yalianguka juu ya watoto. Mamia walibaki Kinshasa, wana majina mapya kwenye hukumu, wana picha ya chumba chao cha ng'ambo, na hawana ruhusa. Wengi walingojea mpaka mwanzo wa 2016. Mtoto aliyekuwa na miaka miwili alifika na nne na nusu. Wazazi wengine waliacha kazi zao, wakaja kukaa Kinshasa miezi na miezi kwa kulea mtoto ambaye hawakuwa na damu naye wala ukoo. (Sisi wenye damu tunasemaje hapo?)

Kwa maoni yetu, swali «kazi ao mtoto» limewekwa vibaya. Mtu anaweza kukataa kazi na bado akamtesa mtoto kwa kumkumbusha kila siku: «Juu yako niliacha Kanada.» Na mtu anaweza kwenda na kufanya haki. Jambo zito ni ile hali ya katikati, mtoto anayengojea na hakuna anayejua anangojea nini.

Desturi zetu zilikuwa na makosa mengi, lakini hali hiyo ziliiogopa. Matanga yalipofika mwisho, mbele watu watawanyike, wakubwa walikaa na kutaja: huyu atakwenda kwa fulani, huyu atabaki kwa nkambo, wadogo wawili wasitenganishwe. Pengine walichagua vibaya. Pengine mtoto alipelekwa kwa mtu mkali. Lakini hakulala usiku ule bila kujua ni wa nani. Siku hizi tumeleta neno jipya, neno tamu: «tutaona». Tunamwambia mtoto tutaona, tunapanda ndeke, tunatuma feza, na miaka mitatu inapita kwa simu.

Mtu mzima ukimwahidi, atakuja kugonga mlango wako na kudai. Mtoto hawezi kudai. Yeye anapanga maisha yake kwa neno ulilosema: anaacha kutafuta mahali pengine, anaacha kumzoea mwalimu mpya, anahesabu miezi. Ndiyo maana neno ulilomwambia mtoto ni zito kuliko deni lililoandikwa.

Basi bwana na bibi wa mfano wetu wana kazi ya kufanya mbele ya kufunga mavalizi. Kwanza, wamwombe patro wa Kanada muda. Watu wetu wanaogopa kuomba. Wataomba tikiti, wataomba nyumba, hawataomba miezi sita juu ya mtoto, kana kwamba ni aibu. Akikataa, mmoja anaweza kutangulia na mwingine abaki mpaka hukumu itoke, wakati bado wanahesabiwa wakaaji wa hapa. Hata hii ina bei, na Katanga inaijua: kule mwanzo Union Minière ililetesha wanaume peke yao, na ni kutoka miaka ya 1920 hivi ilianza kukaza kuwaleta pamoja na bibi na watoto, kwani iliona wanaume wa peke yao hawadumu.

Na inawezekana pia kwamba Kanada haifai kwa binti huyu. Ana nkambo anayempenda, ana rafiki, ana luga yake. Kama ni hivyo, warudi Kipushi, wakae tena kwenye viti vilevile, waseme wazi mbele yake kwamba haitawezekana, na mbele ya kuondoka wakubwa wataje nani atakuwa mama yake hapa, mtu mwenye jina na mlango. Feza itumwe kwa huyo, kwa tarehe inayojulikana. Itauma. Wengi wanapenda kukimbia dakika ile kuliko kuikaa.

Kuna jambo moja ambalo sheria ya leta imetupita, tukubali. Sheria ya tarehe 10 januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa mtoto mwenye akili ya kupambanua haki ya kusema maoni yake katika mambo yanayomhusu. Katika mikutano yetu ya mwisho wa matanga, watoto wanatumwa inje, wakachote maji ao wakabangue karanga, wakati wakubwa wanawagawanya. Wanasikia majina yao kupitia dirisha. Binti wa Kipushi ameahidiwa mbele ya macho yake, lakini hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda Lubumbashi, sembuse Montréal.