Mabinti wetu wako wapi?

Ndugu zangu Waislamu wa Kilwa, shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa ajili ya korona, tulitii. Mtume (SAW) ametufundisha tusiingie wala tusitoke kwenye mji wenye tauni. Zikafunguliwa Juni 29. Wavulana walirudi darasani kwangu. Baadhi ya mabinti hawakurudi. Wapo walioozwa, wapo waliopata mimba, na wakati ule mwenye mimba hakuruhusiwa kurudi. Ruhusa ilikuja Novemba 2021. Sasa kisingizio ni kipi? Wazee Kivinje wananiambia, “Ameshakuwa mama huyo.” Subhanallah! Bibi Aisha (r.a.) ni Mama wa Waumini, na masahaba wakubwa walimwendea kuuliza dini. Fedha ya ufuta ikiingia tunakimbilia pikipiki. Sare ya binti, mzee wangu, ni shilingi ngapi?