Deni la Mifupa

Nyuma ya tezi ya thairoidi, shingoni mwa mwanadamu, zimo kwa kawaida tezi nne ndogo mfano wa punje za mchele, ziitwazo paratiroidi, zilizopewa amana ya kuhifadhi kadiri ya kalisiamu damuni. Nayo mojawapo ikitaghafali kwa kuzidisha kazi, huichota mifupani kwa homoni yake pasipo kipimo. Felix Mandl, tabibu wa Vienna, alithubutu kuikata tezi ya namna hiyo mwaka 1925. Na leo yajulikana kwamba, ikisha kuondolewa, homoni hiyo aghalabu hupungua damuni kwa nusu na zaidi katika dakika 10.

Lakini linishughulishalo ni hili, kwamba kwa baadhi ya wagonjwa, miezi baadaye, kalisiamu ikiwa salama, homoni huonekana imepanda tena. Mgonjwa huishika karatasi ya maabara, kovu la shingoni lingali jekundu, akadhani adui amerejea. Je, alama ndiyo ugonjwa wenyewe? Mimi nakataa. Pengine vitamini D imepungua; pengine mifupa iliyodhulumiwa miaka mingi ingali ikidai haki yake, ikiifyonza kalisiamu kwa njaa, na tezi zilizosalia zikihimizwa kulilipa deni ambalo hazikulikopa.