Vyaelea, Vimeundwa

Wahenga wa pwani waliposema ukiona vyaelea vimeundwa, hawakumsifu fundi peke yake. Jahazi huanza kabla ya shoka: kuna aliyepanda mti, na kuna aliyeacha pwani wazi. Fundi akinyimwa hayo mawili, ustadi humfia mikononi.

Leo dunia inazistaajabia programu za kompyuta za India, na wengi hudhani Wahindi huzaliwa na hesabu kichwani. Tumuulizie aliyepanda mti. Mwaka 1951, nchi ikiwa na miaka minne tu ya uhuru na umaskini umejaa mlangoni, serikali ya waziri mkuu Nehru ilifungua chuo cha teknolojia Kharagpur, katika jengo ambamo Waingereza waliwafungia wapigania uhuru. Gereza likawa kitalu.

Lakini mkono uliopanda ndio ulioziba pwani. Miaka ikapita, vibali vikarundikana, na ushuru wa kuingiza kompyuta ukazidi bei ya mashine yenyewe. Wahandisi saba walioanzisha kampuni ya programu ya Infosys mwaka 1981 walingoja hadi 1983 ndipo wakapata kompyuta yao ya kwanza. Mbao zipo, fundi yupo, tezo iko forodhani.

Novemba 1984 sera mpya ilishusha ushuru na kuutambua utengenezaji wa programu kuwa kazi ya kiwanda kama nyingine. Mwaka uliofuata kampuni ya Texas Instruments ikafungua ofisi Bangalore. Mwaka 1991 serikali ikaanzisha vituo vya programu vyenye mawasiliano ya setilaiti, kampuni ndogo nazo zikaweza kuwatumia wateja wa ng'ambo kazi zao bila kupanda ndege. Hapo jahazi likaelea.

Tangu kitalu hadi maji, miaka 40. Nehru alifariki mwaka 1964 bila kuliona. Aliyeshusha ule ushuru alikuwa waziri mkuu Rajiv Gandhi, mjukuu wake: babu alipanda, mjukuu akafungua pwani.

Basi mtawala asijifanye fundi, wala asijivunie mkasi wa kukata utepe. Apande mti ambao huenda asiuone ukielea. Na kabla ya kuwauliza vijana jahazi lao liko wapi, apite kwanza forodhani, atazame kama tezo yao haijazuiliwa na mhuri wake mwenyewe.