Piko, Hina na Rukhsa ya Kuuza

Huulizwa: mtu atengenezaye mafuta ya mwili au rangi ya maharusi, naye aamini kwa moyo safi kwamba kitu chake hakina madhara, je, yampasa angoje kipimo na rukhsa ya serikali kabla hajakiuza, au nia yake njema yamtosha?

Wengi hujibu upesi kwamba nia yatosha, maadam mchuuzi hakukusudia kumdhuru mtu. Jawabu hili lapendeza kulisikia, lakini ngozi iunguayo si ya mchuuzi.

Itazamwe piko wapakwayo maharusi wa pwani mikononi na miguuni. Hina ya majani hutoa rangi nyekundu, nayo hutaka saa nyingi. Piko hutoa weusi kwa muda mchache, na weusi huo aghlabu hautoki katika jani lolote, bali katika dawa ya kutilia rangi nywele iitwayo parafenilenidiamini. Ikigusa ngozi, wako wasiodhurika, na wako watokwao na malengelenge pale pale palipochorwa ua, yakaacha kovu. Tena dhara yake hujificha. Mtu huweza kupakwa mara ya kwanza asione neno, kumbe mwili umekwisha kuikataa. Mara ya pili, hata akitia nywele tu, uso ukafura. Basi muuzaji asemaye, "Nimewapaka wengi wala hapana aliyelalamika," asema kweli, na kweli yake haithibitishi kitu.

Dawa hiyo hiyo ilikuwamo katika rangi ya kope iitwayo Lash Lure, iliyouzwa Marekani katika miaka ya 1930. Wako wanawake waliopofuka kwa ajili yake. Sheria ya huko ya mwaka 1906 ilihusu vyakula na dawa, haikutaja vipodozi, na wakaguzi hawakuwa na njia ya kuiondoa madukani mpaka ilipotoka sheria mpya mwaka 1938. Je, walioiuza khabari zake zikiwa zimekwisha enea hawana lawama, kwa kuwa hawakukatazwa? Hapana mwenye akili asemaye hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba dhamiri zao hazikumwokoa mtu.

Katika Hadithi iko khabari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ubichi ndani. Mwenye mali alitoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ubichi juu watu wauone. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa ni kuuficha ubichi. Na nafaka bichi yajulikana kwa mkono, ama kilichomo katika piko hakijulikani kwa mkono wala kwa pua. Ndipo pakahitajiwa mwenye vyombo vya kupimia, kama miji ya Kiislamu ya zamani ilivyokuwa na muhtasib, aliyekagua mpaka maduka ya waattari.

Wako wajiteteao kwamba pakiti yao ina rukhsa. Ina rukhsa ya nini? Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hiyo yaruhusiwa katika rangi ya nywele, isizidi asilimia 2. Kwa kuchorea ngozi hairuhusiwi kabisa. Aichukuaye pakiti ya nywele akampaka bibi arusi viganjani hana rukhsa yoyote, ijapokuwa karatasi anayo.

Lipo teto moja zito. Mjane achanganyaye mafuta jikoni ili alishe watoto atapata wapi ada na nauli ya kwenda kupimisha? Tanzania Bara kazi ya vipodozi iko kwa Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na ofisi si jirani na kila jiko. Mkubwa awekaye sharti kisha akaifanya njia yake ndefu na ghali amedhulumu, na mjane ana haki ya kumdai. Lakini deni hilo ni la mkubwa; mnunuzi hakulikopa, wala haifai alilipe kwa uso wake. Na huku mjane akingoja, hina ya majani aliyoiponda mwenyewe ipo, na bibi arusi aweza kuyaona majani kabla hayajapondwa.