Ulimi wa Mbao na Ulimi wa Kweli

Katika nchi ya Ugogo wazee walikalia vigoda vya miguu mitatu, vilivyochongwa katika kipande kimoja cha mti. Kigoda cha namna hiyo hakina siri. Hakina kiungo wala gundi. Ukikigeuza juu chini, umeona yote. Walakini mlango, meza na kabati si hivyo. Ni vipande vingi vilivyounganishwa, na nguvu yake imo mahali ambapo jicho halifiki, yaani pale ulimi wa ubao mmoja uingiapo katika tundu la ubao wa pili. Basi twauliza: fundi ana wajibu gani juu ya sehemu ile ambayo mnunuzi hataiona kamwe?

Swali hili si dogo kwetu Dodoma. Mwaka 1973 iliamuliwa mji huu uwe makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu, nyumba nyingi zimejengwa, na kila nyumba yataka milango na makabati. Vijana wetu hujifunza useremala, wengine katika vyuo, kama kile cha VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Wengine kwa mafundi wa mitaani. Wote hufundishwa kutumia msumeno, randa na patasi. Je, hufundishwa uaminifu pia?

Tena nchi yetu ni kali kwa mbao. Mvua hunyesha toka Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo mkavu. Ubao mbichi hupoteza maji yake, nao hupungua upana kuliko urefu. Kwa hiyo ulimi uliokaza vema katika tundu mwezi wa Februari waweza kulegea mwezi wa Septemba. Fundi mwenye haraka hujaza nafasi kwa unga wa mbao na gundi, hupiga msasa, hupaka vanishi, na kazi yang'aa. Siku ya kuuza, yeye na fundi mwaminifu ni sawasawa machoni pa watu. Kiangazi ndicho kitakachowatenga.

Huenda mtu atasema, “Fundi hakudanganya; mnunuzi hakuuliza.” Sivyo. Mnunuzi hakuuliza kwa sababu hajui la kuuliza. Ndiyo maana alimwendea fundi. Anayepaka vanishi juu ya ufa amekwisha kusema uongo, ingawa hakufumbua kinywa.

Mwingine atasema, “Fundi ni maskini, na watu hawataki kulipa bei ya mbao kavu.” Neno hili lina uzito. Lakini kazi ya bei ndogo si dhambi. Fundi aweza kutengeneza benchi la mbao hafifu na misumari, akasema wazi, “Hili ni la bei ndogo, halitadumu miaka mingi.” Huyo ametenda haki. Kosa si uhafifu, bali kuuficha.

Hapa yatupasa kujitazama sisi wenyewe. Siku moja tuliagiza mabenchi ya usharika. Tulitaka yawe tayari kabla ya sikukuu, tukapunguza bei, tukamwambia kijana aliyeyatengeneza, “Haidhuru, mradi yapendeze.” Kabla kiangazi hakijaisha mabenchi yaliyumba, tukamlaumu. Lakini ni nani aliyemfundisha ya kuwa kupendeza kwatosha? Chuo kilimfundisha kukausha mbao kivulini kwa miezi mingi. Sisi tukamfundisha kutokungoja. Basi mnunuzi naye ni mwalimu, na huenda mafundisho yake yashika kuliko ya darasani.

Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani ya kuwa mshona viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja ana kazi yake ya kuwatumikia wengine. Kama ni hivyo, kiungo kilichofichwa ni utumishi kwa mtu asiyeweza kuukagua.

Kwa hiyo twatoa mashauri mawili. Mwalimu wa ufundi na apasue kwa msumeno kiungo cha mwanafunzi, wote waone yaliyomo ndani. Tena amtume kuitazama kazi yake wakati wa kiangazi. Nasi, wazee na wainjilisti, kijana akija na cheti chake, tusiulize bei tu. Tumwulize mbao zimekauka muda gani, tumpe nafasi ya kungoja, tumlipe haki yake.

Ulimi wa mbao hauna sauti. Fundi na auseme kweli yake mapema. Akinyamaza, kiangazi kitasema.