Nadharia za Uhasama wa Wana wa Ibrahimu

Nadharia kongwe huanzisha uhasama wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu hemani mwa Ibrahimu: Hajiri na mwanawe Ishmaeli walipofukuzwa, ugomvi wa mirathi ukazaliwa. Inapendwa kwa kuwa husimulika kwa urahisi. Hata hivyo, kitabu kilekile cha Mwanzo, sura ya 25, kinawaonyesha Isaka na Ishmaeli wakimzika baba yao pamoja katika pango la Makpela, Hebron.

Mwaka 1997 vitabu viwili vilitafuta mzizi kwingine. Jan Assmann, mtaalamu Mjerumani wa Misri ya kale, aliuona katika mstari uliochorwa kwa jina la Musa kati ya dini ya kweli na ya uongo. Regina Schwartz wa Marekani alitazama uhaba: nchi moja, mteule mmoja, na Esau akilia kwa kuwa baraka imeshachukuliwa na Yakobo. Hoja ya Schwartz ina uzito zaidi, ingawa nayo haielezi kwa nini majirani huishi kwa amani vizazi kadhaa kisha wakachinjana.

Hebron yenyewe inazitatiza nadharia hizi zote. Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa humo, huku baadhi ya familia za Kiarabu zikiwaficha wengine majumbani. Mwaka 1994 mlowezi Baruch Goldstein aliwaua Waislamu 29 wakiswali juu ya pango hilohilo. Nyuma ya matukio hayo zipo siasa za karne ya 20: utawala wa Uingereza, uhamiaji, ukaliaji wa ardhi tangu 1967. Baada ya mauaji ya 1994 jengo la ibada lililo juu ya pango liligawanywa, Wayahudi na Waislamu kila mmoja na upande wake, isipokuwa siku chache za sikukuu.